Mwaka wa Vitabu Vilivyofunikwa

Nyumbani kwangu Butembo mgeni hagusi kitabu kabla sijajua anatafuta nini. Watoto wangu wanalijua hilo, mume wangu analijua, na mchungaji alipokuja mwaka jana akanyoosha mkono kwenye rafu, mkono wangu ulifika pale kabla ya wake. Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii, lakini sifichi. Muuza mawese akiniambia ni mapya, nanusa. Daktari akiniambia si kitu, namtazama muuguzi wake usoni. Vitabu vyangu vyote nimevifunika kwa karatasi ya kaki ya mifuko ya simenti, upande wenye maandishi ukiwa ndani, na hakuna hata kimoja nilichoandika jina la kitabu juu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini, mpaka mwezi uliopita niliposhuka Beni kwenye matanga ya Bwana Sadiki, yule mwenye lori. Nilikalishwa kwenye mkeka wa wanawake, katika joto na harufu ya pilau, kando ya mwanamke mnene mwenye miwani. Aliutazama mkoba wangu, akaona kitabu kinachungulia, akasema bila hata salamu: "Kahindo. Bado unafunikaka?" Alikuwa Yaya Masika, yaya kwetu ni dada mkubwa, binti wa dada mkubwa wa mama yangu. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na minne, na kwa jinsi tulivyoachana, nilikuwa nimeomba Mungu mara nyingi tusionane tena.

Mwaka ule shule ilikuwa imenikataa. Nilikuwa nimerudia darasa moja mara tatu, na mkuu wa shule alimwambia Mama, kwa adabu zote, kwamba nafasi yangu kwenye benchi inahitajiwa na mtoto mwingine. Herufi hazikukaa kwangu. Sijui namna nyingine ya kulisema. Wenzangu walipotazama ukurasa waliona maneno. Mimi niliona maharagwe yaliyomwagwa mezani, na kabla sijaokota moja, mengine yalikuwa yameshahama. Leo hali hiyo ina jina, nililisikia redioni nikiwa nimeshazaa mara mbili. Wakati ule majina yalikuwa mawili tu, mvivu na mkaidi, na yote nilikuwa nimeitwa mbele ya darasa.

Lakini nyumbani hakuna aliyejua kwamba sijui kusoma. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kila jioni, kabla ya chakula, tulikuwa na ibada sebuleni: Mama kwenye kiti chake chenye kitambaa cha kufuma, wadogo zangu wawili kwenye benchi, mimi karibu na dirisha, na mgeni yeyote aliyekuwapo. Maandiko yalizunguka mkono kwa mkono, kila mtu mstari wake. Sasa Mama alikuwa mama wa kanisa na hakutaka kujikwaa mbele ya watu, kwa hiyo kila alasiri, tulipokuwa tukichagua maharagwe yaliyotoka Musienene, aliiweka sura ya jioni juu ya goti na kuisoma kwa sauti, mara mbili, mara tatu. Mimi nilikaa mbele yake na ungo wangu, nikitoa vijiwe. Akimaliza mara ya pili, sura yote ilikuwa kichwani mwangu. Jioni nilihesabu watu, nikajua mstari gani utaniangukia, nikashika kitabu, nikapitisha macho kushoto kwenda kulia kama nilivyoona wengine wanafanya, nikasoma vizuri kuliko Mama mwenyewe. Wageni walisema, "Huyu atakuwa muinjilisti." Nilikuwa mwongo wa kila jioni, kati ya sala na sombe, kisamvu chetu, na nilikuwa hodari.

Mama akajiuliza, na ni haki yake, inakuwaje mtoto anayesoma Neno bila kujikwaa ashindwe na kitabu cha darasa la nne. Jibu alilolipata sidhani kama lingepatikana kwingine zaidi ya kwetu. Nililisikia kupitia ukuta wa mbao uliotenganisha chumba changu na chake, siku Mama Kavugho, mwenzake wa kanisani, alipokuja kunywa chai. "Neno linafunguka kwake," Mama alisema. "Vitabu ya masomo njo inajifunga. Donc shida haiko mu mutoto. Iko mu vitabu." Mama Kavugho akavuta chai yake kwa kelele. "Na ile vitabu nani aliishika mbele? Inatoka kwa bantu hatuwajue." Wakakubaliana. Mtoto hana ubaya, vitabu ndivyo vinavyopaswa kuchaguliwa upya, na wa kuvichagua atakuwa Masika wa Beni, aliyekuwa na diploma ya ualimu na hana kazi. Nilikuwa karibu kucheka. Halafu Mama akaongeza, kwa sauti ya chini: "Lakini kama Pasaka inafika na hapana mabadiliko, ninamupeleka Mabalako kwa shangazi yake. Ataangalia kakao, atakaa mu maombi. Basi." Cheko likakauka. Kwa shangazi nilikuwa nimefika mara moja. Kulikuwa na msichana pale aliyeletwa kwa miezi michache tu, na alipokuwa akigeuzageuza kakao juani niliuliza miezi hiyo ilianza lini, hakuna aliyekumbuka.

Yaya Masika alifika na lori la Bwana Sadiki, mwembamba wakati ule, na sanduku la bati lililojaa vitabu alivyookota huku na huku Beni. Mama hakumpa hata nafasi ya kunawa. Meza ilipanguswa, vitabu vikatolewa kimoja kimoja, Mama Kavugho akaitwa kama shahidi. Chenye picha ya nyoka kilikwenda upande wa mlango. Chenye kinyago, mlangoni. Kimoja chenye mwanamke anayelia kwenye jalada kilifunguliwa katikati, Mama akasoma mistari miwili, akakifunga haraka. "Hii ni ya bakubwa," akasema, na nilimwona baadaye amekiweka chini ya mto wake. Yaya Masika aliona vitabu vyake vinapungua, hakubisha. Alinitazama mimi. Nilipokabidhiwa kimoja ili nionyeshe kama kinafunguka, nikasema macho yananiuma kwa sababu ya moshi wa jikoni. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei na haamini, na toka siku hiyo nikamwogopa.

Kwa sababu hakusoma kwa sauti. Wiki ya kwanza nilimsubiri asome ili nimdake, naye alikaa kimya na ukurasa mbele yangu. Nilimwomba: "Yaya, anza weye, nitafuata." Akajibu, "Hapana, anza weye, miye njo nitafuata." Nilimchukia. Wiki ya tatu vikaja vitabu viwili vipya na lori, vyembamba, vya ukubwa mmoja, vimeshafunikwa kwa karatasi ya simenti na kuandikwa majina kwa wino wa buluu. Mama alisoma majina hayo juu juu: *Sciences*, *Géographie*. Akaridhika, hakuvifungua. Yaya Masika akakata kipande cha katoni ya sabuni, akatoboa dirisha dogo katikati, akaliweka juu ya ukurasa wa *Sciences* hivi kwamba niliona neno moja tu, mengine yote yamezibwa. Na neno likatulia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu neno lilikaa mahali pake likanisubiri. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikajiuliza mbona maneno ya sayansi ni mafupi hivi, na mbona kila nikitaka kuondoa katoni nione picha, mkono wake unakuwa juu yake.

Mtu asiyejua kusoma anasoma vingine. Nilijua hatua za kila mtu uani, nilijua kikohozi cha Mama cha hasira na cha baridi, nilijua kwamba Yaya Masika ana daftari analoandika baada ya kila somo na kulifungia kwenye sanduku. Anaandika nini, na kwa ajili ya nani? Niliamua ni kwa ajili ya Mama, kwamba Pasaka itafika na daftari litafunguliwa mezani. Halafu asubuhi moja yenye ukungu, Bwana Sadiki alipopita kuleta chumvi, niliwakuta langoni nikajibana nyuma ya mapipa ya maji. Yaya alikuwa akiongea chini chini: "Mama mudogo hapana ajue ndani kuko nini. Na mutoto pia, hapana ajue. Mbele ya wote, mutoto." Bwana Sadiki akacheka kidogo. "Miye nilibeba karatasi tu, binti yangu. Ndani sikuangalia." Nilibaki pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kitu kilikuwa kinafichwa, na kilikuwa kinafichwa kwangu zaidi ya kwa wote.

Jumapili nilijidai tumbo linauma. Walipokwenda kanisani nikavileta vile viwili sebuleni, nikakunjua karatasi kwa ncha za vidole, taratibu, nisichane. Kimoja kilikuwa na ramani. Kingine kilikuwa na picha ya mbuzi, chini yake neno moja. Nikafungua ukurasa mwingine: mtoto anakunywa maziwa, neno moja. Ukurasa mwingine: mpira. Kilikuwa kitabu cha darasa la kwanza, kilekile ambacho mdogo wangu wa mwisho alikuwa amekimaliza na kukidharau. Mimi niliyekuwa na kifua tayari, niliyekuwa mrefu kuliko Mama, nilikuwa nimekaa wiki nzima nikijisifu moyoni kwa kusoma sayansi. Aibu ile naisikia hata sasa ninapoandika, imekaa hapa chini ya shingo. Sikufikiri kwamba amekifunika ili nisione aibu. Nilifikiri amekifunika ili anicheke. Nikarudisha karatasi, kila moja kwenye kitabu chake, nikavipanga jinsi nilivyovikuta, na Mama alipoingia tu na kanga yake ya kanisa nikamwambia: "Mama, vitabu ya Yaya Masika si ile anakuambia. Anafichaka ingine ndani. Na anasemezanaka na Bwana Sadiki kwa lango." Sikusema uongo hata neno moja. Ndivyo nilivyojitetea kwa miaka mingi.

Tulikuwa hatujala. Obundu, ugali wetu, ilikuwa imeshapakuliwa, inapoa chini ya sahani iliyogeuzwa, na Mama akasema hakuna atakayekula kwanza. Mama Kavugho alikuwapo, bila shaka. Mama akachukua kitabu kilichoandikwa *Géographie*, akachana karatasi kwa mara moja, na mbuzi akatokea. Akachukua *Sciences*, akachana, zikatoka ramani. Alivitazama vyote viwili, halafu akamtazama Yaya Masika, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Masika, mutoto wa dada yangu. Unafundisha binti yangu kitabu ya batoto ba miaka sita, unaandika Géographie juu? Mais kwa nini? Unatuona sisi ni wajinga?" Yaya Masika aliinama juu ya meza. Alikuwa akiangalia zile karatasi zilizochanwa, moja huku, nyingine kule. Aliziangalia kwa muda mrefu, akiyasoma majina aliyoyaandika mwenyewe kana kwamba hayajui. Halafu akaniangalia mimi. Nilitazama sahani. Nilijua anachoweza kusema, ni maneno machache tu: mtoto huyu hajui kusoma, hata hayo Maandiko anawadanganya. Nilingoja. Nilisikia Mabalako ikija uani kwa miguu yake. "Ni kosa yangu, Mama mudogo," akasema. "Nilikuwa mvivu wa kutayarisha masomo. Nilichukua kitabu nyepesi, nikaandika jina kubwa, ili muone tunaenda mbele." Mama Kavugho akasema ndiyo, ndiyo, alijua tu. Kesho yake lori lilimrudisha Beni. Alipokuwa akipanda alinipa mkono kama kwa kuagana na mtu mzima, na alipoutoa, ndani ya kiganja changu kulikuwa na kile kipande cha katoni chenye dirisha.

Nilidhani nitafurahi. Kwa siku tatu nilijilazimisha. Siku ya nne nilikwenda jikoni kuwasha moto nikakuta kitabu cha mbuzi kwenye rundo la karatasi za kuwashia, kurasa za mwanzo zimeshaungua. Nikakichukua. Sikuwa na nia yoyote nzuri, nataka nieleweke. Nilitaka kuona kama nilikuwa nimejifunza kweli au nilichezewa. Nikaweka katoni juu ya ukurasa wa kwanza uliosalia. Nikasoma *mai*, maji kwa lugha ya kwetu. Nikasoma *mama*. Maharagwe ya kwetu yanachukua saa nyingi kuiva katika baridi ile ya Butembo, na Mama aliamini nimekuwa mtoto mwema ghafla, sitoki jikoni. Nilikisoma kitabu kile mara sita, mara nane, nikilia kwa moshi na wakati mwingine si kwa moshi. Kilipoisha nikaomba kile cha ramani. Kila jioni, kwenye ibada, niliendelea kusema mistari yangu ya kukariri, na kila jioni ilizidi kuniwia migumu, kwa sababu sasa nilikuwa naona kwa pembe ya jicho kwamba kuna maneno pale, na ninayaruka.

Pasaka ilifika. Mama alikuwa amenunua nyama, wali ulikuwa tayari, na hapo sebuleni, kitabu kilipofika mkononi mwangu, nilisema: "Mama, fungua pengine. Penye haukusoma leo." Alishangaa, akafungua katikati, mbali kabisa. Nikatoa katoni yangu yenye masizi. Nikasoma mstari mmoja. Ilinichukua muda ambao wengine wangesoma sura. Nilirudi nyuma, nilijikwaa, nilikosea neno nikalirudia, jasho lilinitoka. Mdogo wangu akaanza kucheka. Nilipoinua uso, nikamwona Mama ameweka mkono mdomoni kwa hofu.

"Kahindo, kuko nini? Ulikuwa unasoma muzuri! Nani amekuharibia?"

"Hakuna mutu, Mama. Ile haikuwa kusoma. Nilikuwa nashika sauti yako wakati tunachagua maharagi. Leo njo mara ya kwanza."

Mafuta yakaganda juu ya nyama. Nilikuwa nimejipeleka Mabalako mwenyewe, kwa mdomo wangu, na ajabu ni kwamba nilijisikia mwepesi. Mama alichukua kile kipande cha katoni, akakiweka juu ya ukurasa wake, akachungulia kwenye dirisha kama anayechungulia nyumba ya jirani. "Hii nani alikupa?" Nikasema. Alikishika muda mrefu zaidi. "Endelea," akasema, akanirudishia. Tulikula wali wa baridi siku ile. Neno Mabalako halikutajwa tena kwetu, na lori lililofuata lilishuka Beni na gunia la maharagwe ya Musienene, yaliyochaguliwa na Mama mwenyewe mpaka hakuna kijiwe hata kimoja, bila barua. Kutoka Beni likarudi neno moja kupitia kwa Bwana Sadiki: wasingya, asante. Lakini yeye hakurudi. Alikuwa ameshapata darasa huko. Na mimi sikumwambia Mama aombe radhi kwa niaba yangu, kwa sababu nilijipa moyo kwamba Yaya Masika hajui nani alivifunua vile vitabu. Angeweza kuwa Mama. Angeweza kuwa Mama Kavugho. Nimeishi na matumaini hayo mpaka nywele zimeanza kuwa nyeupe.

Kwa hiyo kwenye mkeka ule, mwezi uliopita, wanawake walipoinuka kwenda kusaidia sufuria, tukabaki wawili, nikaona bora niseme kabla sijashindwa. "Yaya, ile siku. Ni miye nilifungua vitabu. Ni miye nilikusema kwa Mama."

"Ninajua," akasema, akiendelea kumenya ndizi.

"Nani alikuambia?"

"Weye mwenyewe. Mbuzi nilimufunika na *Sciences*. Siku ile mama yako anachana, mbuzi anatoka mu *Géographie*. Mama yako anajua kusoma. Mama Kavugho anajua. Hata batoto badogo banajua. Mu nyumba yote, nani angerudisha karatasi vibaya na hapana kuona?" Akanimegea nusu ya ndizi. "Kwa hiyo unafunikaka bila kuandika jina. Niliona mara moja."

Nilishika ile ndizi bila kuila. Alikuwa amejua pale pale, mezani, obundu ikipoa, karatasi mbili mbele yake zenye ushahidi wote, za kuniumbua mimi na kumwokoa yeye. Nikamuuliza mbona hakusema. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe, kama vile bado kuna kitu ananificha.

"Miye nilikuwa na kwetu kwa kurudia," akasema. "Weye ungeenda wapi?"

Nilimtazama usoni, kama nilivyozoea kuwatazama watu wote, nikitafuta mahali pa kushuku. Nilitafuta vizuri. Halafu nikatoa kitabu mkobani, nikamwomba kalamu, na palepale kwenye mkeka wa Bwana Sadiki nikaandika jina la kitabu juu.